Umefikia kwa Nani?

Ndugu msomaji, swali lenyewe ni dogo. Umefanya kazi mwaka mzima, umepewa likizo ya wiki mbili, na kwenye kibubu una nauli ya safari moja tu. Si mbili, moja. Nchi yetu ina makabila zaidi ya 120. Ina mlima wa mita 5,895 wenye theluji kileleni, ina ziwa lenye kina cha mita 1,470, ina visiwa, mbuga, na nyanda za juu ambako mwezi wa saba watu huvaa makoti kama wako Ulaya. Je, uende wapi?

Pale kijiweni kwetu swali hili lilizua ubishi wa jioni nzima. Mmoja akasema, "Zanzibar, bwana, ukaoshe macho." Wa pili akaruka: "Serengeti! Mtu anatoka Ujerumani kuja kuona nyumbu, wewe mwenye nyumbu wako hata mkia hujauona. Si aibu hiyo?" Wa tatu, fundi viatu, mtu mzima, hakuinua hata kichwa kutoka kwenye kiatu alichokuwa akishona. Akasema, "Nyie vijana hamna mama? Mtu akipata likizo anakwenda kwao." Halafu wote wakanigeukia mimi, maana likizo ilikuwa yangu.

Sikuwa na jibu. Lakini usiku ule nilipolala nikaona kwamba tulichokuwa tukibishania si suala la starehe. Ni suala la haki na wajibu. Hebu tulichambue pamoja.

Tuanze na sisi wenyewe. Wengi wetu hatusafiri bila sababu. Tunakwenda msibani, tunakwenda harusini, tumehamishwa kikazi, tunafuata mzigo. Mtu akikukuta stendi na begi begani anakuuliza, "Kwema huko?" maana anajua lazima kuna jambo. Kusafiri ili kuona tu tumemwachia mtalii, na mtalii vichwani mwetu ni mweupe, ana kamera na miwani ya jua. Hata neno letu safari lilichukuliwa na wageni, na liliporudi lilikuwa limevaa kofia ya kaki. Kwa hiyo kijana anayetaka kuiona nchi yake ana mifano miwili tu ya kuiga: ama aige watalii, ama aige wazee wake.

Jibu la kwanza, lile la kuiga watalii, linasema: nenda palipo pazuri. Nani atabisha? Macho nayo yana haki yake. Lakini mimi nauliza, ni nani aliyetuambia wapi ni pazuri?

Chukua mfano huu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Serengeti nayo iliingizwa mwaka huohuo wa 1981. Orodha moja, mwaka mmoja. Kilwa ni mji uliokuwa ukifanya biashara ya dhahabu ya Sofala, mji uliopiga sarafu zake wenyewe, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu. Sasa niambie, katika watu kumi unaowajua, wangapi wanaota kwenda Kilwa? Mwaka 2004 magofu yale yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, mwaka 2014 yakatolewa, na wengi wetu hatukusikia yalipoingia wala yalipotoka. Sisemi kwamba Kilwa ni pazuri kuliko Serengeti. Ninachosema ni kwamba uzuri tunaoukimbilia umekwisha kuchaguliwa na watu wengine, ukabandikwa kwenye kalenda na mabango, nasi tunaufuata tukidhani tumechagua wenyewe.

Liko jambo jingine, zito zaidi. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi na kuchunga humo walihamishiwa upande wa Ngorongoro. Na kuanzia mwaka 2022 baadhi ya wakazi wa Ngorongoro nao wamehamia Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wamehama kwa hiari, na wapo wanaopinga hivyo. Naijua hoja ya watetezi wa hifadhi, wala siidharau: wanyama wakiisha hawarudi, na fedha zinazoingia kwa utalii zinalifaa taifa zima, hata kule ambako hakuna tembo. Lakini mtu anayesimama kwenye nyika ile akavuta pumzi na kusema, "Patulivu kweli, hakuna hata mtu!" inampasa ajue kwamba utulivu ule una historia yake. Palikuwa na watu. Walikuwepo wa kumkaribisha, au wa kumkatalia.

Jibu la pili ni la fundi viatu: nenda kwenu. Hili nalo lina nguvu, tena kubwa. Mama yako hakukulea ili aone picha zako ukiwa ufukweni. Nyumbani kuna kaburi la kufyekewa, kuna paa linavuja, kuna wadogo zako hawakujui sura. Mtu anayepita mikoa kumi kuangalia mandhari huku mzazi wake anamsubiri ana deni, hata kama hakuna atakayemdai.

Lakini hebu fikiri. Kama kila mmoja wetu akipata likizo anakwenda kwao tu, miaka nenda miaka rudi, nchi itakuwaje? Msukuma ataijua Usukumani na Dar es Salaam, Mchaga ataijua Uchagani na Dar es Salaam, na katikati kutakuwa na vituo vya kununulia mahindi ya kuchoma dirishani. Umoja tunaouimba utakuwa umoja wa watu ambao hawajawahi kulala katika nyumba za wenzao. Ukweli ni kwamba wengi wetu tunawajua wenzetu kwa utani tu: kabila fulani wanakula hiki, kabila fulani ni wachoyo. Utani ni mzuri, lakini hautoshi kumjua mtu.

Liko jibu la tatu, ambalo pale kijiweni hakuna aliyelitaja kwa sababu limepitwa na wakati: nenda unakotumwa. Wazazi wetu hawakuchagua. Mwanafunzi wa Bukoba alipangiwa shule Mtwara, wa Songea akapangiwa Musoma. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na likaja kuwakusanya vijana wasomi kutoka kila pembe, wakalima pamoja na kulala bweni moja. Mwaka 1994 utaratibu ule wa lazima ulisimama, ukarudi mwaka 2013 kwa waliomaliza kidato cha sita. Mwalimu wa shule ya msingi alipewa barua yenye jina la wilaya ambayo hajawahi hata kuisikia, na alikwenda. Leo hii msafiri asiyechagua aliyebaki ni Mwenge wa Uhuru, ambao kila mwaka unapita wilaya kwa wilaya bila kuuliza kama kuna hoteli.

Usidhani nimekuja kulilia zamani. La hasha! Aliyetumwa hakuulizwa. Kati ya mwaka 1973 na 1976, katika Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa nguvu, nyumba zao zikibomolewa nyuma yao. Ile nayo ilikuwa safari ambayo msafiri hakuichagua, na sijasikia mtu akiitamani irudi. Kwa hiyo kutumwa peke yake si wema. Lakini kuna kitu waliotumwa walikipata ambacho sisi tunaochagua hatukipati. Nilikuwa sikijui ni kitu gani mpaka nilipokwenda Newala.

Baba yangu ni mtu wa Ukerewe, kisiwa kilicho katika Ziwa Viktoria. Mwaka 1973 alikuwa mwalimu kijana, akapewa barua: Newala. Akavuka ziwa mpaka Mwanza, akapanda treni mpaka Dar es Salaam, halafu akapanda meli ya pwani mpaka Mtwara, maana ilikuwa masika na Rufiji ilikuwa imefunga barabara. Daraja la Mkapa halikuwepo, lilikuja kufunguliwa mwaka 2003. Baba alikaa kule miaka mitano. Sisi watoto wake tumekua tukisikia habari za Newala kama wenzetu wanavyosikia hadithi za sungura. Siku nilipompigia simu kumwambia nina likizo na nafikiria Serengeti, hakunikatalia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Vizuri. Lakini Newala hujafika wewe."

Nikaenda Newala. Moyoni sikutaka sana, nawaambieni ukweli. Nilikwenda nikijihesabia kwamba nimemfanyia mzee hisani.

Siku hizi basi la Mtwara linatoka Dar alfajiri na jioni umefika. Kesho yake nikapanda gari dogo, tukapita Tandahimba, mikorosho kushoto na kulia mpaka nikachoka kuihesabu. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Kuna mahali panaitwa Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako, na chini kabisa unaona bonde la Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji. Nilisimama pale nikasema kimoyomoyo: mbona haya hayamo kwenye kalenda?

Nikachukua chumba gesti. Kesho yake nikaenda shuleni alikofundisha baba, na mlinzi akanielekeza kwa bibi mmoja anayewakumbuka walimu wa zamani. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, anabangua korosho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu. Umefikia kwa nani?"

Nikamwambia nimefikia gesti. Akaniangalia kama mtu ambaye hakusikia vizuri. "Gesti ndiyo kwa nani?"

Sikuwa na la kujibu. Nikajieleza, nikamtaja baba. Bibi akaziweka korosho chini. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya jioni yakaendelea miaka mingi baadaye. Bibi huyu, wakati huo mama kijana mwenye mtoto mgongoni, alijifunza kusoma na kuandika katika darasa la jioni la baba yangu. Alimkumbuka mpaka mwandiko wake wa ubaoni. Basi hapakuwa na mjadala tena. Kijana akatumwa gesti kuchukua begi langu, nikahamia kwake.

Jioni mjukuu wake, binti wa kama miaka kumi, aliniletea ndoo ya maji ya kuoga, akaiweka bafuni. Mimi ni mtoto wa ziwani. Kwetu ukimaliza ndoo unachota nyingine. Nikaoga, nikajimwagia mpaka tone la mwisho, nikatoka nimechangamka. Yule binti alikuja kuchukua ndoo, akachungulia ndani, akasema kwa sauti ndogo, "Yote?" Bibi akamkata jicho, akanyamaza.

Baadaye nilikuja kuelewa. Udongo wa uwanda ule hunyonya mvua, maji yanazama chini na kutokea mabondeni. Ndiyo maana kwa vizazi vingi wanawake wa huko wameshuka mteremko na kuupanda tena na maji kichwani. Siku hizi mabomba yapo, ila siku ile bomba la pale mtaani lilikuwa halijatoa maji kwa siku ya nne. Ndoo ile ilikuwa ya nyumba nzima: nusu ya mgeni, nusu ya kupikia asubuhi. Hakuna aliyeniambia. Mgeni haambiwi.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopata nilichokuwa nakitafuta. Tunapochagua pa kwenda tunadhani tunachagua mahali, kama vile mtu anavyochagua kitambaa dukani. Lakini kila mahali pana mtu, na safari yako inamwangukia huyo mtu. Kuna ndoo yake utakayooga. Ukifikia kwake utaiona na utaona haya, kama nilivyoona mimi. Ukifikia hotelini ndoo ipo vilevile, ila imefichwa nyuma ya bomba, na binti wa kuuliza "Yote?" hayupo. Waliotumwa zamani hawakuwa wema kuliko sisi. Ila walikaa muda wa kutosha kuijua ndoo, na kushiriki kuibeba.

Kwa hiyo mimi nadhani swali la "wapi?" ni la pili. La kwanza ni lile la bibi: umefikia kwa nani? Na usinielewe vibaya, sisemi hoteli ni dhambi. Hata Zanzibar yuko mtu anayekutandikia kitanda, ana jina, ana kwao. Hata Serengeti yuko anayeendesha gari, na yuko ambaye babu yake alichunga pale. Unaweza kwenda kokote ukauliza swali hilo. Tatizo ni kwamba sehemu nyingi tunazozipenda tunazipenda kwa sababu hatulazimiki kuuliza.

Lakini habari haikuishia hapo, na sehemu hii ndiyo inayoniuma.

Usiku wa mwisho tulikuwa tumekaa nje na bibi. Nikamwuliza, kwa mzaha tu, "Bibi, na wewe ungepewa nauli ya safari moja, ungekwenda wapi?" Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Kwenye ziwa lenu. Mwalimu alikuwa anatuambia darasani, ukisimama ufukweni huoni mwisho wa maji. Watu walimcheka, wakasema mwalimu anatudanganya, bahari iko Mtwara na maji yake ya chumvi, hayo ya kunywa yasiyo na mwisho yametoka wapi? Mimi nilimwamini. Nataka nikaone." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini nitafikia kwa nani?"

Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000. Tangu nizaliwe nimelitazama kila asubuhi bila kujua kwamba kuna mtu upande wa pili wa nchi ameliota kwa miaka hamsini.

Jibu lilikuwa moja tu, na lilipasa litoke papo hapo. Mimi nikasita. Sekunde chache, lakini nilisita. Nikawaza chumba chetu kidogo cha Nansio, nikawaza uzee wake, safari ya siku tatu au nne, nani atampokea stendi, akiugua njiani itakuwaje. Halafu nikasema, "Utafikia kwetu, bibi." Akasema, "Haya, mjukuu wangu, Mungu akipenda." Nadhani aliisikia ile sekunde.

Aliponipokea yeye hakusita. Nilikuwa sijamaliza hata kutaja jina la baba, mtu alikuwa ameshakwenda kufuata begi langu.

Huo ndio mzani ninaoutumia sasa, na nakuachia nawe uupime. Ukitaka kujua kama safari yako ni ya haki, jiulize: yule niliyekwenda kwake, akitaka kuja kwangu, atapata pa kufikia? Kama jibu ni hapana, basi huenda hukumtembelea. Ulimwangalia tu. Najua mzani huu ni mkali, tena mimi mwenyewe uliniona mwepesi. Najua pia wapo watakaosema, "Kaka, mtu anataka kupumzika wiki moja, unamletea mahakama." Wana haki. Mtu aliyechoka apumzike. Lakini asiseme ameiona nchi.

Niliporudi nilimpigia baba. Hakuuliza habari za Shimo la Mungu wala bei ya korosho. Aliuliza, "Ulifikia kwa nani?" Nikamtajia. Akacheka kwa muda mrefu, kisha akakata simu bila kuaga, kitu ambacho hafanyi.

Bibi mpaka leo hajaja. Nauli ya kutoka Newala mpaka Nansio si ya mfuko wake, na umri nao unakwenda. Likizo yangu nyingine inakaribia, na kibubu changu ni kilekile: kina nauli ya safari moja. Kijiweni wameanza tena, Zanzibar, Serengeti, nenda kwenu. Safari hii nawaza kwamba nauli ile si lazima anayesafiri niwe mimi.

Sijaamua bado. Serengeti nayo sijaiona, na sitawadanganya kwamba siitamani. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?